Annie Moore Wawili

Tarehe 1 Januari 1892 kituo kipya cha kupokelea wahamiaji kilifunguliwa katika kisiwa cha Ellis, kwenye bandari ya New York. Wa kwanza kuandikishwa alikuwa msichana kutoka Ayalandi, Annie Moore. Alifika kwa meli iitwayo Nevada, iliyong'oa nanga Queenstown katika kaunti ya Cork, mji ambao sasa unaitwa Cobh, akiwa na wadogo zake wawili wa kiume, Anthony na Philip. Wazazi wao walikuwa wametangulia New York miaka michache kabla. Msimamizi wa kituo, Kanali John Weber, alimkabidhi sarafu ya dhahabu ya dola 10, magazeti yakaandika kwamba siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 15, kisha watoto wale watatu wakaenda kwa wazazi wao na habari zao zikaishia hapo.

Zingeishia hapo kabisa kama kituo kile kisingekuja kuwa alama ya taifa zima. Kabla ya kufungwa mwaka 1954 kilipitisha wahamiaji zaidi ya milioni 12, na mamilioni ya wajukuu wao walitaka kujua yule wa kwanza aliishia wapi. Jibu lilitoka Texas. Ukoo mmoja huko ulikuwa na bibi aliyeitwa Annie Moore, na wanawe walikuwa wakisimulia kwamba ndiye yule wa sarafu ya dhahabu. Alikwenda magharibi, walisema, akaolewa na mtu wa nasaba ya Daniel O'Connell, mwanasheria aliyewapigania Wakatoliki wa Ayalandi hadi wakaruhusiwa kuingia bungeni mwaka 1829. Akafariki mwaka 1923 baada ya kugongwa na tramu karibu na Fort Worth.

Kisa kilikuwa kitamu, na utamu wake ndio uliokipitisha. Kilikuwa na safari ya bahari, nchi mpya, ndoa ya heshima na kifo cha ghafla. Waandishi wakakiingiza vitabuni, kitabu kikanukuu kitabu. Watu wa ukoo ule wakaalikwa kwenye sherehe, Marekani na Ayalandi. Mwaka 1993 mchongaji Jeanne Rynhart alimtengenezea Annie sanamu mbili za shaba, moja ikasimamishwa Cobh alikoondokea, nyingine kisiwani Ellis alikofikia. Sina sababu ya kuwaita watu wa Texas waongo. Walisimuliwa na wazee wao, wakaamini, kama mtu yeyote anavyowaamini wazee wake. Lawama yangu iko kwa wale wote waliokuwa na kazi ya kuhakikisha, na wasihakikishe.

Mwaka 2002 mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak, akishughulika na filamu ya kumbukumbu kuhusu wahamiaji, alikwenda kutazama hati zenyewe. Hakuhitaji kwenda mbali. Karatasi za sensa za Marekani zilionyesha kwamba Annie wa Texas alizaliwa Illinois. Hakuwa mhamiaji. Hakuvuka bahari kuja Marekani, achilia mbali kupokelewa kisiwani. Karatasi hizo zilikuwa zimekaa pale kwa miongo mingi, wazi kwa yeyote mwenye subira ya kuzifungua. Wahenga walituasa tusiandikie mate na wino upo, na hapa wino ulikuwepo tangu mwanzo.

Basi wa kweli alikuwa wapi? Swali hilo lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu New York ya wakati ule ilikuwa na akina Annie Moore wasiohesabika, na mwanamke akishaolewa jina lake la ukoo hufunikwa na la mume. Mwaka 2006 Smolenyak alitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayeleta ushahidi. Akisaidiana na Brian Andersson, aliyekuwa kamishna wa nyaraka wa jiji la New York, alifika mwisho wa jambo katika muda wa wiki chache. Njia waliyopita ndiyo ninayotaka msomaji aishike. Kilichowafungulia mlango kilikuwa cheti cha uraia cha Philip, mdogo wake Annie, yule mtoto aliyeshuka naye melini. Mwanamume habadili jina anapooa. Kutoka kwenye cheti wakamfuata Philip hadi sensa ya 1930, humo wakamkuta na binti yake, na kupitia kwa binti huyo wakawafikia watu walio hai ambao walijua shangazi yao mkubwa alikuwa nani.

Annie Moore hakwenda Texas. Hakutoka New York. Maisha yake yote ya Marekani aliyaishi katika mitaa ya kusini-mashariki ya Manhattan, ambako familia za wahamiaji zilibanana ghorofa juu ya ghorofa. Mwaka 1895 aliolewa na Joseph Augustus Schayer, mtoto wa mwoka mikate wa Kijerumani, aliyefanya kazi katika soko la samaki la Fulton. Alizaa watoto wasiopungua 11 na watano tu ndio waliofikia utu uzima. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1924, akazikwa katika makaburi ya Calvary, Queens, pamoja na baadhi ya watoto waliomtangulia. Kaburi halikuwa na jiwe wala jina.

Hapo ndipo kisa hiki kinaponiuma. Kwa miaka 15 sanamu mbili zilikuwa zimesimama kwa heshima ya mwanamke huyu, marais na mabalozi wakalitaja jina lake, na yeye mwenyewe amelala Queens mahali ambapo mtu angeweza kupita juu yake bila kujua. Wajukuu zake waliishi miaka yote hiyo bila mtu kuwaalika popote. Jiwe liliwekwa Oktoba 2008, msalaba wa Kiselti wa jiwe la chokaa la buluu kutoka Ayalandi, miaka 84 baada ya mazishi. Wapo wanaosema kukosea babu ni kosa la burudani, halimdhuru mtu kwa kuwa wahusika walishakufa. Mimi nasema lina madhara. Ukimchukua asiye wako, yule aliye wake hubaki bila kwao. Na wa Texas nao walipoteza: walikuwa na bibi yao halisi, mzaliwa wa Illinois, mwenye wazazi wake na safari yake, ambaye kwa muda wote huo hakuna aliyemtafuta kwa sababu walishaamini ni mtu mwingine.

Kosa lilianzia pale ambapo wengi huanzia hata leo. Walianza na mtu mashuhuri kisha wakashuka kuelekea kwao. Nasaba hufuatwa kinyume chake: unaanza na wewe, unakwenda kwa mama yako, kwa mama yake, na kila hatua iwe na hati yake kabla ya kuivuka. Ukifika mahali ambapo hati haipo, unasimama hapo na kuandika kwamba umesimama. Hii ndiyo sehemu wengi wasiyoivumilia.

Kwa wenye asili ya Ayalandi majaribu ni makubwa zaidi, kwa sababu kutoka kule waliondoka wengi, na wengi waliondoka maskini. Njaa Kuu iliyoanza 1845 baada ya viazi kuoza mashambani iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama katika miaka michache tu. Mjukuu wa mmoja wao anakuja leo na maneno mawili mkononi: babu alikuwa Patrick Sullivan, wa Cork. Cork ndiyo kaunti kubwa kuliko zote 32, na akina Sullivan wamejaa huko kila kona. Desturi ya kuita watoto majina inaongeza ugumu. Mtoto wa kwanza wa kiume aliitwa jina la babu mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama. Ndugu wanne wakioa katika parokia moja, babu yao akiwa Patrick, unaweza kuwakuta akina Patrick Sullivan wanne, wote binamu, wote wa rika moja. Mtafutaji mwenye haraka humchukua wa kwanza anayemwona, na kutoka hapo anapanda vizazi vitatu vya watu wasiomhusu.

Kinachowatenganisha ni kitongoji. Ayalandi imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, vingine vyenye nyumba chache tu, na hicho ndicho kilichokuwa anwani halisi ya mkulima. Hata hapo kuwa mwangalifu, maana jina moja la kitongoji hujirudia katika kaunti nyingi, kwa hiyo lazima liende na parokia yake. Richard Griffith aliposimamia uthamini wa ardhi na majengo, kazi iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, watu wa jina moja katika kitongoji kimoja walikuwa wengi kiasi kwamba makarani waliongeza jina la baba kwenye mabano. Huko Tipperary, kwa akina Ryan, walilazimika kuandika hata majina ya utani ya matawi ya ukoo.

Na jina hilo la kitongoji hupatikana wapi? Mara nyingi sana si Ayalandi, bali huko huko alikohamia. Wengi hupanda ndege kwenda Dublin kabla ya kumaliza kusoma yaliyo mjini kwao. Hati za uraia za Marekani za kabla ya 1906 kwa kawaida husema tu kwamba mtu ni wa Ayalandi na kwamba anaacha utii wake kwa mfalme au malkia wa Uingereza. Lakini jiwe la kaburi laweza kutaja parokia. Daftari la ndoa la kanisa laweza kutaja wazazi. Benki ya Emigrant ya New York, iliyoanzishwa 1850, ilikuwa na wateja wengi wasiojua kusoma, na ili kumtambua mtu anayekuja kuchukua fedha zake, karani aliandika alikozaliwa, meli aliyokuja nayo na mwaka, majina ya wazazi wake, na ndugu zake wako wapi. Madaftari hayo yapo hadi leo katika maktaba kuu ya umma ya New York.

Kuna pia gazeti la The Pilot la Boston. Kuanzia 1831 hadi 1921 lilichapa matangazo ya watu waliopotezana, na sijui hati nyingine ya uhamiaji yenye uchungu kama ile. Dada anamtafuta kaka yake: anataja kaunti, parokia, mara nyingi na kitongoji, mwaka aliotoka nyumbani, bandari aliyofikia, na mara ya mwisho alisikika akifanya kazi kwenye mfereji au reli gani. Mke anamtafuta mume aliyetangulia. Mama amefika na watoto na hakuna mtu gatini. Walitaja kila kitu kwa sababu walijua jina peke yake halimtambulishi mtu. Wale wenyewe, wasio na shule, walilijua jambo hili kuliko wengi wetu wenye kompyuta.

Umri nao usiuamini. Annie Moore aliyeandikwa ana miaka 15 alikuwa na 17. Alizaliwa 1874, na ile siku ya kuzaliwa ya Mwaka Mpya haikuwa yake. Uandikishaji wa serikali wa vizazi na vifo kwa wote ulianza Ayalandi Januari 1864, kwa hiyo waliozaliwa kabla ya hapo wengi hawakuwa na cheti wala hawakuhesabu miaka yao. Pensheni ya uzee ilipoanza kulipwa Januari 1909 kwa waliotimiza miaka 70, wazee walitakiwa kuthibitisha umri, na maofisa wakapekua sensa za 1841 na 1851 kuwatafuta utotoni. Ndiyo maana ukilinganisha sensa ya 1901 na ya 1911 unamkuta mtu yule yule, nyumba ile ile, ameongezeka miaka 15 ndani ya miaka 10. Anayekataa hati kwa sababu umri umepishana miaka mitatu anaweza kumtupa babu yake, na anayeikubali kwa sababu umri umelingana sawasawa anaweza kumpokea mgeni.

Kisha kuna ile kauli ambayo kila mtafutaji huambiwa: hati za Ayalandi zote ziliungua. Mwishoni mwa Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Dublin, Hifadhi ya Nyaraka iliyokuwa katika eneo la Four Courts ililipuka na kuteketea. Hasara ilikuwa kubwa mno. Humo zilikuwemo sensa za 1821 hadi 1851, ambazo yamebaki mabaki tu, na zaidi ya nusu ya madaftari ya parokia za Kianglikana. Lakini sensa za 1861 na 1871 hazikuungua mwaka ule. Serikali yenyewe ilishaziharibu zamani. Za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili zipatikane karatasi. Madaftari ya Wakatoliki, ambao ndio wengi wa waliohama, hayakuwemo kabisa, kwa kuwa yalibaki kwa mapadre parokiani. Maktaba ya Taifa ya Ayalandi iliyaweka kwenye intaneti bure mwaka 2015. Sensa za 1901 na 1911 zimekamilika na ziko bure. Neno "ziliungua" limekuwa ruhusa ya kubuni: kwa vile hakuna hati, basi nisimulie nipendavyo.

Fungua ukurasa mmoja wa daftari la ubatizo uone kazi ilivyo. Wino umepauka, mwandiko wa padre umelala upande, na majina yako kwa Kilatini: James ameandikwa Jacobus, William ameandikwa Gulielmus. Jina la mtoto, la baba, la mama pamoja na ukoo wake, na mwishoni wasimamizi wawili wa ubatizo. Wengi huruka hao wasimamizi. Usiwaruke. Mara nyingi ni kaka wa baba au dada wa mama, na kati ya wale binamu wanne wa jina moja, hao ndio wanaokuonyesha yupi ni wa nyumba ipi.

Ama mfano wa kazi iliyotulia, upo mmoja unaotugusa hata sisi wa Afrika Mashariki. Smolenyak huyo huyo ndiye aliyefuatilia upande wa mama wa Barack Obama. Hakuanzia Ayalandi. Alipanda kwa hati za Marekani kizazi hadi kizazi mpaka kwa Falmouth Kearney, mtoto wa mshona viatu, aliyefika New York mwaka 1850 akiwa na miaka 19 na kuendelea hadi Ohio. Kijiji kilipojulikana kuwa Moneygall, kaunti ya Offaly, mchungaji wa Kianglikana wa eneo lile alivifungua vitabu vya parokia vilivyonusurika na kuwakuta akina Kearney humo. Obama alipotembelea Moneygall Mei 2011, alisimama mahali palipothibitishwa kama Kogelo ya Siaya, Kenya, kwao baba yake, ilivyothibitishwa na ndugu wa baba huyo walio hai.  

Siku hizi Annie wa Texas angeweza kutengenezwa kwa dakika chache. Tovuti za nasaba humpendekezea mtu babu, naye anabofya kukubali. Wengine 50 wananakili mti wake, na anayekuja baadaye anaona miti 50 inayokubaliana na kuihesabu kuwa ushahidi, kumbe ni kosa moja lililorudiwa. Kipimo cha vinasaba husaidia, ila kinakwambia tu kwamba wewe na fulani mna undugu wa kiasi fulani. Jina la kitongoji hakina. Bado lazima umwandikie huyo binamu usiyemjua, umwombe akutajie bibi yake, na nyote mrudi kwenye hati.

Mwaka 2026 sheria ya kufunga sensa kwa miaka 100 inafungua sensa ya 1926, ya kwanza ya Ayalandi iliyojitawala, yenye kaunti 26 kati ya zile 32. Watakaoikimbilia ni wengi. Kwa anayetafuta mtu aliyehama kabla ya hapo, mtu huyo hamo. Aliyemo ni kaka aliyebaki na shamba, au dada aliyeolewa kitongoji cha pili. Aende akiwa tayari na majina ya ndugu hao, parokia, na wazazi wawili pamoja na ukoo wa mama. Akikuta jina linalofanana na vingine vyote havilingani, aandike tu kwamba alimwona, aandike na sababu za kumkataa, ili anayefuata asimchukue.